Jicho langu linatoa machozi mwaka wa tatu, na kambi ya macho imenirudisha nyumbani

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 58, mshonaji wa nguo hapa Korogwe, mkoani Tanga. Jicho langu la kushoto linatoa machozi huu mwaka wa tatu. Lilianza polepole, asubuhi na penye upepo tu, nami nikadhani ni vumbi, kwa kuwa kibanda changu kiko karibu na stendi. Siku hizi machozi hutoka mchana kutwa, hata nikikaa ndani pasipo upepo wala moshi. Nikiinama kwenye cherehani, tone hujikusanya kwenye kona iliyo karibu na pua na kudondokea kitambaa. Miezi michache iliyopita niliharibu satini ya bibi harusi kwa namna hiyo, tone likiwa limechanganyika na wanja, ikabidi niilipe. Nimetenga kipande cha kanga kwa ajili ya kufutia jicho tu, na ngozi ya chini yake imechubuka kwa kufutwa. Msibani watu husema nina moyo mwepesi, na harusini huniuliza ni nani aliyeniudhi.

Asubuhi kope hushikana kwa tongotongo. Nikibonyeza kwa kidole pale kwenye kona, ubavuni mwa pua, hutoka kitu kizito cha rangi ya maziwa, mfano wa uji wa mchele, kisha jicho hupata nafuu kwa saa moja au mbili. Nimetumia matone ya aina tatu kutoka duka la dawa. Aina ya tatu, ambayo muuzaji alisema inaua vijidudu na kuondoa uvimbe kwa pamoja, ninaitumia kwa miezi minane sasa, kwa sababu ndiyo pekee inayotuliza wekundu. Jambo moja hunishangaza. Nikiweka dawa hiyo jicho la kulia, ambalo huwasha mara mojamoja, baada ya muda mfupi nauonja uchungu wake kooni. Nikiiweka jicho la kushoto, siuonji kabisa.

Mwaka huu jicho hilohilo la kushoto lilianza kuona ukungu, nikapimwa, nikaambiwa nina mtoto wa jicho. Kambi ya upasuaji wa macho ilipokuja wilayani kwetu nilipanga foleni tangu alfajiri. Nikaandikishwa, nikapimwa presha, nikabandikwa kipande cha plasta juu ya nyusi ya kushoto ili kuonyesha jicho litakalopasuliwa. Zamu yangu ilipokaribia, daktari mmoja kijana alikuja akanibonyeza kwenye ile kona, akatazama kilichotoka, akaibandua plasta na kuniambia kwamba mfereji wangu wa machozi umeziba na kifuko kina usaha, kwa hiyo niende hospitali ya rufaa nikafanyiwe kwanza upasuaji wa mfereji. Aliniandikia karatasi, akaenda kwa mwingine. Wenzangu niliopanda nao gari walirudi wamefungwa bandeji, na kesho yake walipofunguliwa wakaona. Mimi nilirudi na alama ya gundi kwenye paji la uso.

Binti yangu aliuliza, akaambiwa kwamba upasuaji huo ni wa kubomoa mfupa wa pua. Nina presha, natumia vidonge kila siku pamoja na aspirini ndogo. Shangazi yangu anasema nisikubali kisu usoni, bali nitie maji ya mwarobaini yaliyochemshwa na nikande kona ya jicho kila siku, kama alivyomkanda mjukuu wake mchanga aliyepona kabisa kabla ya kutimiza mwaka. Naomba unieleze bila kunificha: je, yule daktari alinitendea haki? Je, hakuna njia ya kuzibua bila kukata? Na kwa umri wangu, jambo hili linafaa kuhangaikiwa, au niyazoee machozi na nitafute mahali pengine watakaponitoa mtoto wa jicho tu?

Mama Mshonaji, Korogwe

JIBU

Mama Mshonaji, marahaba.

Naanza na ile plasta, kwa kuwa naona imekuuma kuliko jicho lenyewe. Yule daktari alikutendea haki, ingawa ingekuwa haki zaidi kama angekaa nawe dakika tano akakueleza sababu. Katika upasuaji wa mtoto wa jicho hufunguliwa njia ya kuingia ndani kabisa ya jicho, mahali ambapo hapana kinga ya kutosha dhidi ya vijidudu. Kona ya jicho lako ina kifuko kilichojaa usaha, na usaha huo, kama unavyouona mwenyewe kila unapobonyeza, haukai ndani. Hurudi juu na kuenea kwenye uso wa jicho. Jicho likipasuliwa katika hali hiyo, vijidudu vinaweza kupitia jeraha lilelile la upasuaji na kuliharibu jicho kwa ndani katika siku chache, na hapo hatuzungumzii tena ukungu bali upofu, pengine hata kuondolewa jicho lenyewe. Kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi katika kliniki ya macho, na kubonyeza kona hiyo ni kipimo tulichomfanyia kila mgonjwa aliyekuja kwa ajili ya mtoto wa jicho, kwa sababu hakihitaji umeme wala mashine. Wenzako waliorudi na bandeji nao walibonyezwa, ila kwao hakikutoka kitu. Kwa hiyo nakusihi usitafute mahali pengine watakapokupasua bila kukubonyeza. Mtoto wa jicho anaweza kusubiri miezi michache, na mara nyingi hutolewa vizuri hata akichelewa kidogo.

Sasa tuje kwenye machozi. Hutengenezwa zaidi na tezi iliyo juu ya jicho, upande wa nje. Hupakwa mbele ya jicho kila unapopepesa, kisha huingia katika matundu mawili madogo sana yaliyo kwenye ukingo wa kope karibu na pua, moja juu na moja chini. Ukivuta kope la chini mbele ya kioo penye mwanga utaliona lile la chini, dogo kama alama inayoachwa na sindano ya cherehani kwenye kitambaa. Kutoka hapo mirija miwili myembamba huyapeleka machozi kwenye kifuko kilicholala ndani ya shimo la mfupa ubavuni mwa pua, na chini ya kifuko upo mfereji unaoshuka kati ya mifupa hadi puani. Ndiyo maana mtu akilia hupenga kamasi. Ndiyo maana pia dawa ya jicho la kulia unaionja: imepita kwenye mfereji, imeingia puani, imeshuka kooni. Ile ya kushoto huionji kwa kuwa haina pa kupita. Ulijipima mwenyewe bila kujua, mama, na kipimo chako kinakubaliana na cha yule daktari. Mweleze jambo hili daktari atakayekupokea, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia.

Kwa mtu mzima, mara nyingi mfereji huziba pasipo kisa cha kuonyeshwa kwa kidole. Utando wake wa ndani huvimba kidogo kidogo kwa miaka, hufanya kovu, na njia hujifunga. Tatizo hili huwapata zaidi wanawake waliovuka miaka 40, na maelezo yanayotolewa ni kwamba mfereji wetu wa mfupa ni mwembamba kuliko wa wanaume. Daktari atakuuliza pia kama uliwahi kuvunjika pua, kupasuliwa puani, kuwa na vinyama vya pua, au kutibiwa saratani, kwa kuwa baadhi ya dawa za saratani, kama vile docetaxel, na iodini ya mionzi inayotumika kwa tezi ya shingo, huweza kuziba njia hiyo. Kama hakuna hata kimoja, usijitafutie kosa, na vumbi la stendi ulisamehe.

Shangazi yako hakusema uongo kuhusu mjukuu wake. Mtoto mchanga mwenye tatizo hili huwa na utando mwororo tu uliobaki kwenye mwisho wa chini wa mfereji, na kukandwa husaidia kuupasua. Wengi wao hupona kabla ya kutimiza mwaka mmoja, wengine hata bila kukandwa. Kwako wewe kilichoziba si utando mwororo, ni kovu. Kukanda humwaga usaha uliokusanyika, ndipo unapopata ile nafuu ya saa moja au mbili, kisha kifuko hujaa tena. Endelea kuutoa usaha taratibu mara mbili kwa siku unaposubiri matibabu, mikono ikiwa safi, na ufute kwa kitambaa safi kilicholowa maji yaliyochemshwa na kupozwa, lakini usitarajie kwamba siku moja mfereji utazibuka. Maji ya mwarobaini usiyatie jichoni. Kuchemsha hakuyafanyi kuwa dawa ya jicho, na nimeona zaidi ya mara moja kioo cha jicho kikipata kidonda kwa dawa za majani, kidonda kikapona kwa kuacha doa jeupe ambalo upasuaji wa mtoto wa jicho hauwezi kuliondoa.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako si kisu, ni ile chupa ya miezi minane. Matone yanayoua vijidudu na kuondoa uvimbe kwa pamoja kwa kawaida huwa na steroidi ndani yake. Tafuta kwenye lebo neno linaloanza na "dexa", "beta" au "predni". Dawa hizo ni nzuri mkononi mwa daktari na kwa muda maalumu. Zikitumiwa kwa miezi bila kupimwa, huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, ambayo ni kitu tofauti na presha yako ya damu, na ikala mshipa wa kuonea bila maumivu yoyote. Huweza pia kumharakisha mtoto wa jicho. Sisemi kwamba ndizo zilizokuletea ukungu, maana kwa umri wako ukungu huja hata bila dawa, na jicho la kulia nalo umelitilia dawa hiyohiyo. Ninachosema ni kwamba usinunue chupa nyingine, na ndani ya wiki hii uende kliniki ya macho iliyo karibu, upimwe presha ya macho yote mawili na uelekezwe namna ya kuiacha dawa hiyo. Safari hii isisubiri ile ya rufaa. Ni mambo mawili tofauti.

Umeuliza kama hakuna njia ya kuzibua bila kukata. Kabla ya kujibu, ni lazima ijulikane njia imeziba wapi, na kipimo kinachojibu swali hilo ni cha kusafisha mfereji kwa maji. Utalala au utaketi, utatiwa tone la ganzi, kisha daktari ataingiza mrija butu, mwembamba kama sindano lakini usiochoma, kwenye lile tundu la kope la chini, na kusukuma kwa bomba maji ya chumvi ya hospitali. Njia ikiwa wazi, utameza maji yenye ladha ya chumvi. Ikiwa imeziba chini ya kifuko, maji yatarudi na kutokea kwenye tundu la juu, kwako pengine yakiwa na usaha, na hutaonja chochote. Ikiwa imeziba mapema zaidi, kwenye ile mirija miwili myembamba, mrija wa daktari utakwama kwenye kitu laini kabla ya kuufikia mfupa, na maji yatarudi kupitia tundu lilelile yalimoingia. Kipimo huchukua dakika chache na huwa na karaha kuliko maumivu. Nakisisitiza kwa sababu upasuaji hutegemea jibu lake: wewe mwenye usaha, nina hakika karibu yote kwamba umeziba chini ya kifuko, na huko ndiko upasuaji unakofanya kazi vizuri; lakini aliyeziba kwenye mirija ya juu huhitaji upasuaji wa namna nyingine, na wakati mwingine huwekewa kijibomba cha kioo cha kudumu. Mgonjwa yeyote anayeambiwa akapasuliwe mfereji wakati hajasafishwa kwa maji hata mara moja ana haki ya kuuliza kwa nini. Kifuko kikiwa kimevimba chekundu na kuuma, kipimo hiki huahirishwa hadi uvimbe utulie.

Hapa niwageukie kidogo wasomaji wengine ambao macho yao hutoa machozi bila usaha, kwa sababu wapo wengi na wengi wao hawajaziba popote. Jicho kavu hutoa machozi, hata kama jambo hilo linasikika kama kinyume. Uso wa jicho ukikauka huungua, na tezi humwaga maji kwa ghafla. Mzio hutoa machozi pamoja na muwasho. Kope lililolegea kwa uzee likageukia nje huyaacha machozi yamwagike kwa kuwa tundu lake haligusi tena jicho. Na kope lililopinda kwa ndani kwa sababu ya trakoma, ugonjwa unaojulikana sana kwa watu wa Kongwa mkoani Dodoma, hukwaruza kioo cha jicho kila linapopepesa. Hao wote wakipelekwa kwenye upasuaji wa mfereji watarudi na machozi yao. Jicho lako la kulia, Mama Mshonaji, linalowasha mara mojamoja na dawa yake huonjeka kooni, liko katika kundi hili, si la mfereji.

Turudi kwenye kukata. Tukishathibitisha kwamba mfereji umeziba kabisa chini ya kifuko, hakuna tone, kidonge wala kukanda kutakakoufungua. Kupitisha waya wa kuzibua, ambako huwasaidia watoto, kwa mtu mzima hudumu siku chache na kovu hujifunga tena, pengine kubwa kuliko mwanzo. Kinachofanyika ni upasuaji ambao madaktari huuita kwa kifupi DCR, na si jambo la majaribio: daktari wa Kiitalia, Addeo Toti, aliueleza mwaka 1904, na msingi wake haujabadilika hadi leo. Daktari hauzibui ule mfereji. Huuacha ulivyo, kama fundi bomba anayeliacha bomba la zamani ndani ya ukuta na kupitisha jingine, na hutengeneza njia mpya fupi kutoka kwenye kifuko moja kwa moja hadi puani. Kati ya kifuko na pua kuna mfupa, na sehemu yake moja ni nyembamba kama ganda la yai. Hutobolewa hapo tundu la upana wa takriban sentimita moja hadi moja na nusu, kisha ukuta wa kifuko huunganishwa na utando wa pua. Aliyemwambia binti yako kwamba mfupa wa pua hubomolewa alitumia neno kubwa mno. Umbo la pua halibadiliki, na anayekutazama hatajua.

Njia za kufika hapo ni mbili. Ya kwanza ni kwa nje, kupitia mkato mdogo wa sentimita moja au moja na nusu ubavuni mwa pua. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hivi, na kovu hufifia kwa miezi hadi likafanana na mkunjo wa ngozi. Kama makovu yako ya zamani huvimba na kukua, liseme mapema. Ya pili ni kupitia tundu la pua kwa kamera nyembamba, bila jeraha usoni, na mara nyingi hufanywa na bingwa wa macho akishirikiana na bingwa wa masikio, pua na koo. Kwa daktari mzoefu, kila moja ya njia hizo hufanikiwa kwa takriban watu tisa katika kumi. Watu huniuliza sana kuhusu leza. Kwa kazi hii leza haijaishinda mikono, kwa sababu tundu linalochomwa huwa na tabia ya kujifunga. Ushauri wangu ni kwamba usichague njia kwa jina lake, bali ukubali ile ambayo daktari aliye mbele yako huifanya mara kwa mara. Muulize waziwazi, daktari mwenye kazi yake hatakasirika.

Upo upasuaji mwingine mfupi zaidi ambao huenda ukapendekezewa, wa kukiondoa kabisa kile kifuko. Huondoa usaha, na hukufungulia njia ya kwenda kwa mtoto wa jicho, lakini hautengenezi njia mpya, kwa hiyo machozi huendelea. Kwa mzee wa miaka 80 ambaye macho yake yamekauka na mwili wake hauwezi upasuaji mrefu, mimi mwenyewe ningeukubali. Wewe una miaka 58 na kazi yako ni kuinama juu ya nguo za watu. Kwako ningesimama kwenye DCR, nikiachia tu pale daktari atakapotoa sababu ya mwili kukataa. Hilo ndilo jibu langu la swali lako la umri.

Presha yako na ile aspirini zina uzito kuliko unavyodhani, kwa kuwa ndani ya pua pana mishipa mingi ya damu, na tatizo kubwa la siku ya upasuaji na siku chache za mwanzo ni kutoka damu. Anza sasa kupima presha kila wiki na kuziandika namba, ili ukifika huko usirudishwe mara ya pili kwa sababu ya presha iliyopanda. Umeshajua uchungu wa kurudishwa. Aspirini usiiache kwa uamuzi wako wala wa jirani. Mwambie daktari wa macho unaitumia, yeye ataulizana na aliyekuandikia kama inaweza kusimamishwa na kwa siku ngapi, maana kuna watu ambao moyo wao hauruhusu. Upasuaji wenyewe hufanywa kwa nusu kaputi au kwa ganzi ya mahali hapo pamoja na dawa ya kukutuliza, na huchukua takriban saa moja.

Baada ya hapo kuna masharti ya kuchosha. Usipenge kamasi kwa wiki mbili, hata pua ikikusumbua vipi, ifute tu. Ukitaka kupiga chafya, fungua mdomo. Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili siku za mwanzo, usinywe chai ya moto siku ya kwanza, usibebe ndoo. Matone machache ya damu puani ni ya kawaida; damu inayotiririka na kutokoma si ya kawaida, rudi hospitali. Mara nyingi huachwa kimrija laini cha silikoni kilichopita kwenye matundu mawili ya kope hadi puani, ili njia mpya isijifunge inapopona. Utakiona kama uzi mwembamba unaong'aa kwenye kona ya jicho. Usikivute. Kikijitokeza kwa kitanzi, usikikate kwa mkasi wako, ingawa najua mkasi uko karibu. Kibandike kwa plasta ubavuni mwa pua na urudi kliniki. Hutolewa baada ya wiki sita hadi miezi mitatu, kwa dakika chache, bila kulazwa. Habari za mtoto wa jicho zitaanza wakati daktari atakapobonyeza tena ile kona, asione kitu, na kukiosha kifuko kwa maji ukameza chumvi.

Kuhusu mahali pa kwenda: si kila kliniki ya macho hufanya kazi hii, na huu ndio usumbufu ambao wagonjwa wengi huupata, wa kusafiri na kuambiwa kwamba mwenye kazi hayupo. Anza na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, kwa kuwa iko mkoani kwenu, na uulize kama wana bingwa wa kazi hii au watakuandikia kwenda mbele. Mbele yake kwa mtu wa Korogwe ni KCMC mjini Moshi, ambako pana idara kubwa ya macho inayofundisha mabingwa, au Dar es Salaam, ambako kuna Muhimbili na CCBRT. Binti yako apige simu kabla ya nauli kulipwa na aulize maneno haya: "Je, mnafanya upasuaji wa mfereji wa machozi kwa mtu mzima, na daktari wake huwa kliniki siku gani?" Kama una bima, aulize pia kama inalipia upasuaji huo na kile kimrija, kwa kuwa wakati mwingine kimrija huhesabiwa peke yake.

Ukiwa bado unasubiri, kona ya jicho inaweza siku moja kuamka imevimba, nyekundu, ya moto na yenye maumivu makali, pengine na homa. Hapo usibonyeze tena wala usimruhusu mtu aitumbue. Nenda hospitali siku hiyohiyo upewe antibiotiki za kumeza au za mshipa. Jicho likianza kutokeza mbele, likashindwa kugeuka au kuona kukapungua, usingoje asubuhi. Na kama utahisi uvimbe mgumu usiopungua kwa kubonyezwa, hasa juu ya usawa wa kona ya jicho, au machozi yakitoka na damu, omba upigwe picha ya CT kabla ya upasuaji wowote, kwa maana si kila kinachoziba mfereji ni kovu.

Wanja uache hadi utakapopona, kwenye macho yote mawili. Siku ya safari, weka katika mfuko mmoja ile karatasi ya kambi, daftari la presha, vidonge vyako vyote na chupa zote tatu za matone, hata zile zilizokwisha. Ile ya tatu usiitupe kwa hasira baada ya kusoma barua hii. Daktari anahitaji kuisoma lebo yake mwenyewe.